Mahari ya Paka, Kengele ya Mbwa

Buleusa iko Ikobo, Walikale, Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo msitu uko karibu kuliko soko. Kwa watu wa vijiji kama hivi, mtoto wa mbwa hanunuliwi dukani. Mbwa wa jirani amezaa, habari imepita, na anayemtaka huwahi kuomba kabla wengine hawajachagua. Paka huombwa vivyo hivyo, na sababu kila mwenye ghala anaijua: panya wamo katika mahindi na maharage. Desturi hii ya kuomba ndiyo ninayotaka kuiweka kando ya desturi za wengine, maana mnyama anapoingia mlangoni, kuna ahadi inayotolewa. Swali ni nani anayeahidi.

Wachina wa enzi ya Song walimposa paka. Aliyetaka mtoto wa paka alimpelekea mwenye mama yake chumvi. Kama mama hakuwa na mwenyewe, alipelekewa yeye samaki waliotungwa kwenye kijiti cha mti. Mshairi Huang Tingjian (1045–1105) aliandika shairi zima la kuomba paka, na samaki hao wamo ndani yake. Lu You, aliyemfuata karne moja baadaye, alitaja chumvi. Katika enzi ya Yuan mambo yakafika kwenye karatasi: mkataba wenye picha ya paka katikati na maneno yaliyomzunguka, paka akitakiwa kukamata panya, asitoroke wala asidhuru kuku, na miungu ndiyo mashahidi. Mtu wa Walikale, ambaye chumvi yake hufika kwa pikipiki au mgongoni mwa mtu, ataielewa mahari hiyo haraka kuliko mtu wa mjini. Chumvi haipelekwi kwa mchezo.

Wales hawakuposa, walipima. Sheria zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda wa karne ya 10 zilipanga bei: mtoto wa paka peni 1 tangu usiku anaozaliwa mpaka afungue macho, peni 2 mpaka aue panya, kisha peni 4. Tena alipaswa kuona, kusikia, kuwa na kucha kamili, na, akiwa jike, kulea watoto wake bila kuwala. Ni sheria ya watu wenye ghala, na sioni aibu yoyote ndani yake. Ila mzigo wote uko kwa mnyama.

Pwani ya Waswahili mlango wa paka na wa mbwa si mmoja. Paka ana hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Abu Qatada, inayosema si najisi, ni miongoni mwa wanaozunguka ndani ya nyumba. Ndiyo maana paka wa Lamu hulala popote na hakuna anayeuliza. Mbwa anaruhusiwa kwa kazi, yaani uwindaji, mifugo na ulinzi wa shamba, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba. Wengine huchukulia hilo kuwa chuki. Mimi naona ni kumpa mbwa nafasi yenye mipaka, na mwindaji wa Walikale asingeshangaa sana, kwani kwake pia mbwa ni mshirika wa kazi.

Katika misitu ya Kongo mbwa wa kuwinda huvalishwa kengele ya mti shingoni, maana mbwa wa aina ile habweki ovyo na mwenye wavu hawezi kumsikia. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana kengele za namna hiyo. Wazungu waliwapenda mbwa hawa wakawapa jina basenji. Wale wa kwanza waliopelekwa Uingereza katika miaka ya 1890 walikufa upesi kwa ugonjwa wa distempa, na mbwa wa aina hii hawakuonekana tena kwa sifa mpaka 1937, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Hao wa 1937 walilakiwa kwa shangwe, lakini wale wa kwanza, nyumba iliyowapokea ndiyo iliyowaua.

Ufaransa ya leo imegeuza mambo. Tangu Oktoba 2022 anayetaka mbwa au paka kwa mara ya kwanza hutia sahihi hati ya ahadi, kisha husubiri siku 7. Na tangu 2024 maduka ya wanyama hayaruhusiwi kuuza mbwa wala paka. Hapo binadamu ndiye anayehojiwa. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda, pamoja na ile ya Wachina, ijapokuwa hati haitafika Ikobo wala haihitajiki. Chumvi inatosha.

Kinachohitajika zaidi ya chumvi ni chanjo. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi Asia na Afrika. Kisiwani Pemba walichanja mbwa kwa kampeni zilizofuatana, ugonjwa ukatoweka 2014, ukarudi 2016, ukatoweka tena 2018. Kwa hiyo ukienda kuomba mtoto wa mbwa kwa jirani, uliza kama mama yake amechanjwa; mfikishe naye kwa daktari wa mifugo akitimiza miezi 3; na mtoto wa nyumba yoyote akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo.