Kulabu, Njaa na Poncho ya Susu

Watu wengi wakisikia Makueni wanafikiria jua, maembe na vumbi. Hao hawajawahi kulala Mbooni mwezi wa Julai. Ukungu unashuka usiku, unakaa vilimani mpaka saa nne asubuhi, na ukitoka nje kupiga mswaki unaona pumzi yako mwenyewe ikipaa kama moshi. Ndiyo maana susu wangu, mama yake mama, ana poncho tano. Zote alizifuma mwenyewe kwa kulabu.

Ya sita ilikuwa haijaisha. Nilimkuta ameiweka mapajani, anaipapasa badala ya kuifuma. Mtoto wa jicho ameanza kumfunika macho yote mawili, na uzi wa kijani kibichi na wa bluu kwake sasa ni uzi mmoja. Sikuwa nimemaliza hata chai alipoisukuma upande wangu, kulabu na kila kitu.

"Malizia."

"Susu, mimi ni mwanaume."

"Na baridi ikikupiga, inakupiga kama mwanaume?"

Sikuwa na jibu. Pia sikuwa kwenye nafasi nzuri ya kubishana, kwa sababu nilikuwa nimepanda matatu kutoka Nairobi na siri. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, na susu hakuwa anajua. Huku kwangu Pipeline ninaishi kwa kuandika makala, ninalipwa kwa kila makala, mwezi mwingine tatu, mwezi mwingine hakuna. Yeye alikuwa bado anauliza siku ya kuvaa joho ni lini. Na hiyo poncho, aliniambia nikiwa tayari nimeshika kulabu, ndiyo angeivaa siku hiyo.

Kwa hivyo nikafuma. Na kwa vile mimi ni mtu wa historia niliyefukuzwa na karo, si na historia yenyewe, nikaanza kujiuliza hii kitu imefikaje Ukambani.

Kujitanda nguo mwilini si jambo geni kwetu. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, akamwona Mlima Kenya kwa mbali tarehe 3 Desemba, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe, ikirudi na shanga, waya na nguo. Nguo iliyotamba zaidi ilikuwa merikani, pamba nzito kutoka viwanda vya Marekani, iliyoletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Jina lenyewe linakwambia ilikotoka. Haikushonwa. Ulijifunga au ukaitupia begani. Baadaye blanketi likafanya kazi hiyo hiyo, na leso ikafanya kazi hiyo hiyo, mpaka leo. Poncho ni mjukuu tu wa hiyo familia, ingawa jina limetoka mbali zaidi, Amerika ya Kusini, ambako watu wa milimani wamekuwa wakifuma na kuvaa nguo yenye tundu la kichwa kwa karne nyingi.

Lakini kulabu? Kulabu ilikuja na misheni. Walutheri wa Kijerumani walikuwa Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission wakapiga kambi Nzaui, Makueni ya leo. Scott alikufa mwaka uliofuata, lakini misheni ilibaki. Shule za misheni, hapa kwetu na kwingineko Kenya, ziliwafundisha wavulana kusoma na useremala, na wasichana kusoma kidogo na kushona sana. Halafu mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikaanzisha Maendeleo ya Wanawake, na vilabu vyake vikapeleka mambo hayo mashambani: usafi, mapishi, malezi, sindano na uzi. Susu alizaliwa Kitui na kuolewa Mbooni, na ni kwenye kilabu kama hicho, miaka ya 1960, alikofundishwa kufuma. Kitu cha kwanza alichofuma ni kile unachokijua: kitambaa cha kiti. Kama umekulia Kenya umewahi kuketi kwenye sofa lililofunikwa vitambaa, na umewahi kugombezwa kwa kukiangusha.

Hapa ndipo nilipotaka kukasirika. Nilikuwa nimeshaandika kichwani makala yenye hasira: kwamba kyondo ni chetu na krosheti ni ya wakoloni, kwamba bibi zetu walitolewa kwenye ufundi wao wakapewa vitambaa vya meza. Ni makala rahisi. Shida ni kwamba vidole vyangu vilikataa.

Wacha nieleze. Poncho ya susu inaanzia shingoni. Unafuma cheni ndefu, unaunganisha mwisho na mwanzo iwe duara, halafu unazunguka ukiweka mafungu ya mishono mirefu, mitatu mitatu. Kwenye kona ya mbele na kona ya nyuma unaweka mafungu mawili mahali pamoja, na kwingine fungu moja tu. Hizo kona mbili ndizo zinafanya nguo ipanuke na kuning'inia ikiwa na ncha mbele na nyuma. Susu alikuwa amefuma shingo na mizunguko kadhaa, lakini nilitaka kwanza kujaribu yangu pembeni. Nikakaza cheni kama mtu anayefunga mzigo juu ya matatu. Ilipoisha, ilifika kwenye masikio na kukwama hapo. Susu hakuona, lakini alisikia nikinung'unika, akacheka mpaka akakohoa.

"Kyondo kinaanzia kitako," akasema. "Ukitaka kitako kilale, unaongeza nyuzi. Ukitaka kuta zisimame, unaacha kuongeza. Na hiyo ni hivyo hivyo. Ongeza mahali pake."

Basi hesabu ni moja. Mwanamke aliyeweza kuhisi kwa vidole ni lini kitako cha kyondo kinahitaji uzi mwingine hakuhitaji kufundishwa maana ya kona ya poncho. Walimu wa kilabu walidhani wanaanza na ubao mtupu. Walikuwa wanampa fundi chombo kingine tu.

Na uzi nao ulikuwa umeshachanganyika zamani. Kabla ya mkonge, vyondo vilisukwa kwa nyuzi za magome, ya mbuyu na miti mingine. Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ikafika Tanga hai. Kutoka Tanganyika ukavuka kuja Kenya, ukapandwa mashamba makubwa kama la Dwa pale Kibwezi, ukawa pia ua wa boma na mpaka wa shamba kila pembe ya Ukambani. Wanawake wakautwanga, wakauchana, wakasokota uzi juu ya paja. Vyondo vilipoanza kwenda ng'ambo kwa wingi miaka ya 1970 na 1980 na wateja wakataka rangi, wanawake walifumua sweta kuukuu wakasuka mistari kwa uzi huo. Susu bado anafanya hivyo. Poncho niliyokuwa nikifuma ilikuwa sweta tatu za mitumba, zilizofumuliwa, zikafuliwa, zikaviringwa mipira. Moja ilikuwa bado na harufu ya sabuni.

Halafu kuna njaa.

Krosheti ya lesi ilienea Ireland kwa sababu ya njaa. Kati ya 1845 na 1852, viazi vilioza shambani na watu wapatao milioni moja wakafa. Watawa wa Cork walifundisha wasichana kufuma lesi kwa kulabu. Kule Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa kasisi, akaanzisha kazi hiyo hiyo kwa wanawake wa eneo lake. Lesi ya kawaida ilihitaji vifaa vingi na miaka ya mafunzo. Kulabu ilihitaji kijiti kimoja chenye ndoano na uzi. Ungeifanya kando ya moto, mtoto akiwa mapajani. Lesi zikauzwa kwa matajiri wa mijini, na kuna nyumba zilizokula kwa sababu ya binti mwenye kulabu.

Hiyo ndiyo silaha iliyokuja Ukambani, na Ukambani panajua njaa kwa majina. Kuna Ngomanisye, ya miaka ya mwisho ya 1890, iliyofika kila mahali kama jina lake linavyosema, ikiandamana na ndui na ng'ombe waliokwishakufa kwa sotoka, huku reli ikijengwa ikipita Kibwezi na Makindu. Na kuna ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyoitwa Nikw'a Ngwete: ninakufa nikiwa nazo. Nazo ni pesa. Watu walikuwa na shilingi mkononi na duka halina unga.

Susu anaikumbuka hiyo. Alikuwa ametoka kuuza vyondo na vitambaa, noti zimefungwa kwenye pindo la leso. Alitembea kutoka duka moja hadi lingine mpaka jua likaanza kushuka. Aliporudi nyumbani, anasema, mama yangu aliyekuwa mdogo alimwuliza ameleta nini, akafungua leso akamwonyesha noti. Tangu siku hiyo hajawahi kuziamini pesa zilizolala. Pesa ikiingia inageuzwa haraka: mbuzi, mabati, karo.

Aliposema karo nikapoteza hesabu ya mishono.

Usiku huo nilimwambia. Sikupamba. Nilisema chuo nilikiacha, deni la karo liko pale pale, joho halipo. Stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo tulikuwa gizani na jiko la makaa, na nilishukuru kwamba hatuonani. Alikaa kimya muda mrefu.

"Unajua mwaka wako wa kwanza ulikuwa vyondo vingapi?"

"Hapana, susu."

"Mia moja na arobaini."

Alisema hivyo tu, akaingia kulala.

Asubuhi nilijaribu kumfidia kwa njia ninayoijua, yaani kwa maneno. Nikamwambia nitaandika habari zake. Nikamweleza jambo ambalo limeniuma muda mrefu: kwamba ukiuliza nani alianzisha uchongaji wa Wakamba, kila mtu anakutajia Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza. Ana jina. Lakini ukiuliza nani alitangulia kushika kulabu Kitui, au nani alitangulia kutia uzi wa sweta kwenye kyondo, unaambiwa "akina mama". Nikasema historia imewasahau wanawake. Nilidhani nasema kitu kikubwa.

Susu akanitazama, au akatazama mahali sauti yangu ilikotoka.

"Nani amesahau? Leta lile sanduku."

Ndani ya sanduku la bati, chini ya leso mpya zisizovaliwa, kulikuwa na daftari za shule zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Daftari za kikundi, mwethya wao, ule ushirika wa kusaidiana uliochimba matuta kwenye miteremko hii kabla hata ya vyondo. Kila ukurasa una mistari iliyopigwa kwa rula, na kila mstari una jina. Jina, idadi ya vyondo, bei, tarehe. Jina, vitambaa sita. Jina, poncho mbili, moja imerudishwa, rangi imechuja. Jina, na msalaba mdogo kando yake kwa aliyefariki, na chini ya msalaba jina la binti aliyechukua nafasi yake. Miaka na miaka ya hiyo, miandiko minne tofauti, wino wa bluu, wa kijani, wa penseli.

Nilikaa kwenye kigoda nikasoma mpaka ukungu ukapanda. Hasira yangu ilikuwa na makosa. Majina yapo, na siku zote yamekuwepo. Ni sisi tunaojiita watu wa historia ambao hatujawahi kupanda mlima kuomba kuona daftari.

Nilimwuliza kama naweza kuandika jina lake kwenye makala. Alikataa. Lake liko lilipo, alisema, na wanaopaswa kulisoma wamelisoma.

Karibu na mwisho wa daftari moja nilikuta mstari ambao hauna vyondo. Ni mkopo. Jina la susu, kiasi, na mahali pa sababu kumeandikwa jina langu na neno moja: chuo. Malipo yameorodheshwa chini, mwezi baada ya mwezi. Yanaendelea mpaka mwaka niliokuwa nimeshaacha masomo, ninakula chapati Pipeline na kujiambia kwamba hakuna ninayemdai wala anayenidai.

Poncho niliimaliza siku ya nne. Upande wangu umekaza kidogo kuliko wake, ukiishika unahisi mahali mikono ilipobadilishana. Aliivaa Jumapili kwenda kanisani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, na nikasikia akimwambia mwenzake wa kikundi kwamba mjukuu amefuma nusu, na kwamba kuanzia mwezi ujao aandikwe kwenye daftari, poncho moja kila mwezi, mpaka vyondo mia moja na arobaini virudi.

Nimeshapeleka mbili.