Upimaji wa wafungaji chipukizi (Guangzhou)

Ni kazi ya kukadiria iwapo kijana anayefunga mabao mengi kwenye soka ya umri mdogo atafunga pia ligi ya wakubwa. Skauti makini haishii kwenye idadi ya mabao. Huuliza ni penalti ngapi, dhidi ya mabeki gani, na kama kijana anawatoroka kwa kujipanga au amebalehe tu mapema kuliko wenzake. Hili la mwisho ndilo huwapotosha wengi.

Chukua mfano wa klabu moja ya China: Guangzhou Evergrande, mabingwa wa Asia 2013 na 2015, walifungua shule kubwa ya soka huko Qingyuan mwaka 2012 kwa ushirikiano na Real Madrid. Mabao ya kikosi cha kwanza, hata hivyo, yaliwategemea sana Wabrazili kama Muriqui na Elkeson. Mwaka 2017 Ligi Kuu ya China ilizilazimisha timu kuanza na mchezaji wa chini ya miaka 23, ili vijana wapate nafasi. Baadhi ya makocha wakawa wanamtoa mchezaji huyo mapema kipindi cha kwanza.

Aprili 2022, mmiliki akiwa ameelemewa na madeni, klabu ilipeleka vijana Ligi ya Mabingwa Asia. Walicheza mechi 6, wakafungwa mabao 24, manane kati yake na Kawasaki Frontale katika mechi moja, bila wao kufunga lolote. Klabu ilishuka daraja msimu huo.