Kengele Yetu na Ngoma ya Jirani



Katika jarida hili la maadhimisho, wengine wameandika juu ya ujenzi wa hekalu letu na wafadhili wake. Sisi tumechagua kuandika juu ya sauti, na jinsi inavyotuliza au kuamsha akili za watu.

Babu zetu walitoka Gujarat wakaja kufungua maduka katika uwanda huu wa juu wa Ufipa. Pamoja na nguo, chumvi na mafuta ya taa, walikuja na kengele ya ibada, manjira na dholi. Hawakuikuta nchi iliyo kimya. Kengele za misheni ziliita watu kusali, na usiku ngoma zililia vijijini. Hatuna budi kukiri: utotoni mwetu, ngoma hizo ziliposikika, wazee wetu walifunga madirisha wakisema huo ni uchawi. Nasi tuliamini, ilhali katika siku tisa za Navaratri tulicheza garba kwa mduara hadi usiku wa manane, na hakuna jirani aliyekuja kutulalamikia.

Wataalamu nao waliichunguza siri hii. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Aligundua kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho huwa na mawimbi ya mapigo kama kumi kwa sekunde. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Andrew Neher aliwapigia watu ngoma akiwa amewabandika vipimo kichwani, akaona mawimbi ya ubongo yakiufuata mdundo. Mwaka 1973 Gerald Oster alieleza jambo lililojulikana tangu karne ya 19: sikio moja likipewa sauti ya mitetemo 400 kwa sekunde, na la pili 410, msikilizaji husikia pigo la kumi ambalo halimo katika sauti yoyote kati ya hizo mbili. Ubongo wenyewe ndio unaoliunda.

Lakini je, sauti peke yake yatosha? Mfaransa Gilbert Rouget, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya muziki na kupagawa, alikana. Wapigaji husikia ngoma kuliko mtu yeyote, lakini kwa kawaida si wao wanaopandwa na pepo. Jirani zetu walilijua hilo zamani. Roy Willis, mtaalamu aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, baadaye aliwaendea Walungu wa upande wa Zambia, karibu na Mbala. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 alieleza uganga wa pepo waitwao ngulu. Huko mgonjwa haachwi peke yake na ngoma: wapo mganga, waimbaji na watu wanaomzunguka.

Twayasema haya kwa sababu vijana wetu siku hizi hununua sauti katika simu, wakiahidiwa usingizi, akili kali na hata uponyaji. Kijana mmoja wa jamaa zetu alifiwa na mama yake, akapoteza usingizi. Kila usiku alilala na vifaa masikioni, na kwa miezi mingi hakuna aliyejua. Alipoanza kuja kwenye bhajan za jioni, tulimwuliza hali, tukamsindikiza hospitali. Alituambia kuwa zile sauti zilimtuliza kwa saa moja, kisha zikamrudisha katika chumba kilekile kitupu.

Hatuzidharau sauti hizo. Utafiti juu yake unaendelea. Ila zisichukue nafasi ya daktari, wala ya watu. Aingiaye hekaluni hugonga kengele ili akusanye mawazo yake mbele ya Mungu, na mlio huo huwajulisha waliomo kwamba mwenzao amefika. Ndiyo kazi ifanywayo na ngoma kijijini, na wazee wetu, tuwasamehe, hawakuitambua.

Basi majirani, karibuni katika sherehe hizi. Kengele haina mwenyewe. Nanyi mtakapopiga ngoma zenu, madirisha yetu yatakuwa wazi.

Mungu atubariki sote.