Pluto si Utaridi

Pluto nm [i-] sayari kibete. Gimba dogo la barafu na mwamba linalozunguka Jua katika ukanda wa Kuiper, ng'ambo ya sayari Neptuni.

Asili. Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh katika kituo cha Lowell, Arizona, Marekani. Jina lake, ambalo ni la mungu wa kuzimu wa Warumi wa kale, lilipendekezwa na Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford, Uingereza. Kipenyo chake ni takriban kilomita 2,377, pungufu ya kile cha Mwezi, nayo hulizunguka Jua mara moja kwa miaka 248. Tarehe 24 Agosti 2006, mkutanoni Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiondoa katika hesabu ya sayari na kuiweka katika kundi la sayari kibete.

Matumizi. Baadhi ya orodha za sayari kwa Kiswahili huiita Pluto "Utaridi". Matumizi hayo yaepukwe. Utaridi ni jina lililotoka katika Kiarabu, nalo lilikwisha kuwa la sayari iliyo karibu zaidi na Jua karne nyingi kabla Pluto haijajulikana. Kosa hilo huandamana na jingine, la kuiita Utaridi "Zebaki". Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari na kwa metali. Kiswahili kina mawili, na zebaki ni metali.

Madhara ya kuchanganya majina haya huonekana angani. Mtu aliyeko Kisorya, wilayani Bunda, penye kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe, anaweza katika vipindi fulani vya mwaka kuiona Utaridi kwa macho tu, chini upande wa magharibi, muda mfupi baada ya Jua kutua. Pluto hawezi kuiona bila darubini kubwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba Utaridi ndiyo ya mwisho kwa umbali ataitazama sayari ya kwanza asiitambue.

Mifano
Sahihi: Pluto ni sayari kibete. Utaridi imeonekana magharibi jioni hii.
Si sahihi: Utaridi ni sayari ya tisa.

Tazama pia: Utaridi, zebaki, sayari kibete.