Ruta ya nyumbani imezeeka: Ibadilishwe au iachwe?

Video inazunguka tu, kikao cha mtandaoni kinakatika, na lawama zote zinaangukia ruta iliyo juu ya kabati. Wakati mwingine kweli ndiyo mkosaji. Mara nyingi siyo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, pima kasi. Kisha chomoa waya, pima kwa Wi-Fi ukiwa karibu na ruta, halafu pima chumbani. Kama hata kwa waya kasi haifiki ile unayolipia, anza kwa kumpigia mtoa huduma. Ila kuna mtego hapa: ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya waya yanayoishia megabiti 100 kwa sekunde. Mwenye kifurushi cha 200 akiona kipimo kinagota kwenye tisini na kitu kila mara, ajue ndipo kilipo kizuizi, au ni waya wenyewe umechoka. Kubadilisha waya ni rahisi zaidi, kwa hiyo aanze na huo.

Kama kwa waya mambo ni safi na chumbani ndiko kunagoma, usikimbilie dukani. Watu huficha ruta nyuma ya televisheni kwa kuwa haipendezi macho, kisha wanashangaa mawimbi hayafiki. Iweke katikati ya nyumba, juu, mbali na microwave, ambayo hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Masafa hayo hupenya kuta vizuri, lakini kwenye maghorofa hujaa haraka: ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila ukuta wa zege unayamaliza.

Umri wa ruta unasomeka kwenye jina la teknolojia yake. Herufi N ni ya viwango vya 2009, AC ilianza kuuzwa kwa wingi kuanzia 2013, na AX, yaani Wi-Fi 6, ilianza kupewa vyeti 2019. Wi-Fi 7 ilifuata 2024. Familia yenye kifurushi cha megabiti 20 au 30 haitaona tofauti kubwa ikitoka AC kwenda Wi-Fi 7, hasa kama simu zenyewe ni za zamani.

Jambo lisilo na mjadala ni usalama. Mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi, hata kama ruta inapiga kazi vizuri. Mwaka 2018 virusi vya VPNFilter viliingia kwenye ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi zaidi ya 50, na kuzima na kuwasha hakukuviondoa vyote. Mei 2025, FBI ya Marekani ilionya kuhusu ruta zilizofikia mwisho wa huduma, zikiwemo Linksys E1200 na E2500. Wahalifu walizigeuza njia ya kujificha, hivyo uhalifu wao ukaonekana unatoka nyumbani kwa mtu asiyejua lolote.

Basi geuza ruta, soma modeli chini yake, kisha itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ikiwa masasisho yamesitishwa, ibadilishe. Wakati ukijipanga kununua nyingine, zima usimamizi wa mbali na weka nywila mpya ya kuingilia mipangilio, maana ile ya kiwandani inajulikana na kila mtu.

Kabla ya kutoa hela, uliza ruta ni mali ya nani. Kama ni ya mtoa huduma wa faiba, mwombe akubadilishie. Kwa ruta za laini, hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja. Na ile ya zamani usiigawe kabla ya kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, kwani bado inakumbuka nywila zako.