Kilwa Kisiwani

Kilwa Kisiwani ni mji wa kale ulioko kwenye kisiwa kinachokabili Kilwa Masoko, mkoani Lindi, kusini mwa delta ya Rufiji, ambao kati ya karne ya 13 na ya 15 ulikuwa makao ya masultani walioshika biashara ya sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Masimulizi ya Kilwa humtaja Ali bin Hasan, wa asili ya Shirazi, kuwa mwanzilishi wa ukoo wa watawala. Utajiri wa mji ulitokana na dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe iliyopitia bandari ya Sofala.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika mwaka 1331 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sarafu yake ya shaba imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la ukingoni mwa bahari lenye birika la kuogea la pembe nane, na katika karne hiyohiyo Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, ulipanuliwa kwa kuba na matao ya matumbawe, yaani mawe ya miamba ya bahari, yaliyoshikwa kwa chokaa.

Atazamaye mawe peke yake, hata hivyo, hauoni mji mzima. Ibn Battuta aliandika kuwa nyumba za Kilwa zilikuwa za miti, na hata katika nyumba za mawe dari ilibebwa na boriti za mikoko, hivyo kwamba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti na kwa kawaida haukuzidi mita 3 hivi. Ufundi huo ulienea mbali: kutoka delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kaskazini ya Kilwa, majahazi yalipeleka boriti Uarabuni hadi karne ya 20, na kwa sababu hiyo historia ya majengo ya pwani ni ya Ruaruke na Kibiti pia, sehemu za eneo la delta hiyo.

Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji Julai 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Ngome iitwayo Gereza, ionekanayo leo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani. UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981, ikayatangaza kuwa hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mawimbi na uchakavu, na kuyaondoa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014.