Sauti Iliyopotea Hewani

Leo nimekumbuka baraza la babu yangu kule Mikindani. Wazee wakishatoka Isha wanakaa, redio katikati, mawe yake yameshinda juani yapate nguvu kidogo. Na hadithi haikosi: mtangazaji aliyefukuzwa kazi. Yupo aliyesahau kuzima kipaza sauti akamtukana bosi wake, nchi nzima ikasikia. Yupo aliyelala studio, sahani ikazunguka mpaka alfajiri. Kila mzee na jina lake, na kila mmoja anaapa alisikia kwa masikio yake!

Nadhani zilinoga kwa sababu hapakuwa na wa kumuuliza. Tangu 1965 redio ya Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa serikali, na redio binafsi tulizipata baada ya sheria ya utangazaji ya 1993. Radio One ikaanza 1994. Kabla ya hapo sauti ikipotea hewani, nani atakwambia kahamishwa, kaumwa au kafukuzwa? Baraza likajaza pengo.

Siku hizi hatubuni. Septemba 2020 TCRA iliifungia Wasafi FM siku saba kwa lugha isiyo na staha. Machi 2021, Nairobi, Homeboyz Radio iliwafukuza Shaffie Weru, Neville Muysa na DJ Joe Mfalme. Walikuwa wakizungumzia kesi ya mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofani, wakamgeuzia lawama yeye mwenyewe. Mdhamini mkubwa, EABL, akaondoa matangazo yake. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikasimamisha kipindi miezi sita na kutoza faini ya shilingi milioni moja.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Barazani kwa babu aliyeumia alikuwa bosi. Nairobi aliyeumia alikuwa mtu ambaye tayari yuko kitandani.

Na mimi? Niliwahi kutangaza katika redio moja ndogo. Asubuhi moja nikasoma habari ya dada aliyeporwa usiku, nikatania: saa ile alikuwa anatafuta nini njiani? Simu zikamiminika, watu hoi kwa kucheka. Hakuna aliyenionya, achilia mbali kunifukuza.

Kwa hiyo hadithi yangu haisimuliwi kwenye baraza lolote. Ila yule dada, kama alikuwa anasikiliza, naamini anaikumbuka.